Mama Aliyerudi Mikono Mitupu

Mazungumzo ya redio ya asubuhi. Somo: Mwanzo 16, na Mwanzo 30, mstari wa 1 hadi wa 13.

Nawasalimu ninyi mlioketi mkinywa chai, nanyi mlio ndani ya matatu mkienda kazini. Nawasalimu hasa ninyi wa Entarara, wa Kitengela na wa Kajiado mjini, kwa maana wakati nikiandika maneno haya ninyi ndio mliokuwa moyoni mwangu.

Leo nataka tuzungumze habari ya mwanamke anayebeba mimba ya watu wengine. Wenye elimu humwita mama mbadala. Mtaani husema amekodisha tumbo. Neno hilo la pili silipendi, nami nitaeleza kwa nini. Najua mzee mmoja hapo anataka kuzima redio, akisema haya si mambo ya asubuhi. Mzee wangu, nakuomba ungoje kidogo. Jambo hili limekwisha kufika katika sharika zetu. Huenda yule anayeketi nyuma ya kanisa na kutoka kabla ya wimbo wa mwisho ndiye ninayemsema.

Kwanza tuelewe linavyofanyika, maana mengi yasemwayo si kweli. Watu wengi hudhani kwamba mwanamke huyu amelala na mume wa mtu. La, hasha. Daktari huchukua yai la mke na mbegu ya mume, akaviunganisha nje ya mwili katika chombo cha maabara. Baada ya siku tatu hadi tano, kile kiinitete kidogo kuliko punje ya mtama huingizwa kwa mrija mwembamba ndani ya tumbo la mwanamke wa tatu. Yeye hakutoa yai, na hakuna mwanamume aliyemkaribia. Kazi yake ni kubeba, kulisha kwa damu yake, na kuzaa.

Elimu hii haikuanza jana. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kutungwa nje ya mwili, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, kwa kazi ya Robert Edwards na Patrick Steptoe. Katikati ya miaka ya 1980 madaktari wa Marekani walifanikiwa kuweka kiinitete cha wenyewe katika tumbo la mwanamke mwingine. Kwetu Kenya watoto wa kwanza waliotungwa nje ya mwili walizaliwa Nairobi mnamo Mei 2006. Basi mtoto wa kwanza wa Uingereza leo ni mama mtu mzima, nasi bado twanong'ona.

Sasa na tumfikirie mwanamke mmoja. Simtaji mtu, wala msianze kutafutana. Tuseme anaishi katika chumba cha kupanga huko Kitengela. Ana watoto wawili, maana watu hawa hutafuta mwanamke aliyekwisha kuzaa salama. Baba wa watoto aliondoka. Karo imekuwa mlima, na mwenye nyumba amepiga hodi mara mbili. Rafiki anamwambia kuna watu Nairobi wanatafuta mwanamke mwenye afya. Anakwenda. Anapimwa damu, anapimwa ukimwi na homa ya ini, anapigwa picha ya tumbo, anaulizwa maswali na mshauri. Kisha anawekewa karatasi nyingi mezani atie sahihi.

Hapo mara moja maisha yake yanaanza kwenda kwa saa. Anameza vidonge vya kutayarisha tumbo. Siku ya kuwekwa kiinitete analala kitandani akitazama dari, na jambo lenyewe linakwisha upesi kuliko kung'olewa jino. Baada ya hapo ni dawa nyingine kila siku, mara nyingi sindano ya mafuta inayoacha matako yakiuma hata kuketi ni taabu. Na kusubiri majuma mawili. Mara nyingi haishiki, na mambo yote huanza upya. Ikishika, dawa zinaendelea karibu miezi mitatu, mpaka kondo la nyuma lijitegemee.

Tumbo linakua. Na tumbo, wapendwa, halifichiki. Majirani wanahesabu vidole: mume hana, mimba ya nani? Anaacha kuja kanisani. Anaacha kwenda nyumbani kwao Entarara kumsalimu mama yake. Krismasi inapofika anatuma salamu kwa simu, anasema kazi imezidi. Watoto wake wanamwuliza kama watapata ndugu mdogo, naye hajui awajibu nini. Ukweli ni kwamba amepewa kazi ngumu kuliko zote za mwili, na ni kazi asiyoweza kumsimulia mtu jioni.

Hatari nayo iko. Presha ya mimba huja mara nyingi zaidi kwa mwanamke aliyebeba yai lisilo lake. Pale viinitete viwili vinapowekwa, mapacha huweza kuja, na mapacha ni mzigo maradufu kwa moyo na kwa figo. Wengi huishia kwa kupasuliwa.

Kisha siku ya kuzaa inafika. Mtoto analia, anapokewa na mikono mingine. Hilo alilijua tangu mwanzo, aliliwekea sahihi, na pengine anafurahi kweli kuona furaha ya wenzake. Nisiwafanye mwone kwamba kila mmoja wao ni mtu wa kilio. Wako waliosema kwamba kumwona mama yule mwingine akimpakata mtoto kulikuwa malipo makubwa kuliko fedha. Lakini siku ya tatu hivi maziwa yanakuja. Maziwa hayajui mkataba. Yanajaa, yanauma, yanalowesha nguo, hata daktari ampe kidonge cha kuyakausha. Anarudi Kitengela akiwa na kidonda cha mshono na kifua kilichofungwa kwa leso, na mikono mitupu. Hakuna mtu anayeleta uji. Mama mwingine akizaa, nyumba inajaa kina mama, na kuni, na maziwa, na nyimbo. Mama aliyefiwa na mtoto naye hujiwa na watu wa kumlilia. Huyu hana sherehe wala matanga.

Ndiyo maana sipendi neno kukodisha. Nyumba ya kupanga, mpangaji akitoka, kuta hazimkumbuki. Tumbo halikuumbwa hivyo. Mwaka 1996 wanasayansi huko Marekani waliandika kwamba walikuta katika damu ya mwanamke seli za mtoto wa kiume aliyemzaa miaka 27 nyuma. Miaka 27! Seli za mtoto huvuka kondo la nyuma zikaingia katika mwili wa aliyembeba, zikakaa. Sisemi kwamba hilo linamfanya mtoto kuwa wake. Nasema tu kwamba hatuwezi kuongea juu ya mwanamke huyu kana kwamba ni chumba.

Wengine watasema, haya ni mambo ya Wazungu. Hapo nawaomba tutulie, maana wazee wetu walijua sana uchungu wa kukosa mtoto, na walitafuta njia zao. Wamaasai wamekuwa na desturi kwamba mwanamke asiyejaliwa kuzaa hupewa mtoto na mke mwenza au na ndugu wa ukoo. Mtoto yule huwa wake kabisa, huitwa wake, na mama yule husimama kati ya wenzake kama mama. Ninyi wa Kajiado mwayajua haya kuliko mimi. Majirani zenu Wakamba nao walikuwa na iweto: mwanamke asiye na mtoto aliweza kumwoa mwanamke mwingine, amzalie watoto kwa jina la nyumba yake. Makanisa yalipokuja hayakupenda desturi hiyo ya iweto, na sikusimama hapa kuirudisha.

Lakini angalieni jambo moja. Katika boma, mama aliyempa mwenzake mtoto hakutoweka. Kila mtu alijua ni nani aliyezaa na ni nani aliyepewa. Jioni ng'ombe wakirudi, alimwona mtoto akikimbia mlangoni kwa mwenzake. Aliheshimiwa kwa alichotoa. Njia hii ya leo, yenye karatasi na wakala, mara nyingi humtaka mama aliyebeba aondoke kimya asionekane tena. Kwangu mimi, hapo ndipo palipo na kasoro kubwa kuliko katika ule mrija wa daktari.

Hata serikali ilipokutana na jambo hili ilijikwaa. Mwaka 2014 shauri lilifika Mahakama Kuu, Nairobi, mbele ya Jaji Mumbi Ngugi. Mwanamke alikuwa amezaa mapacha kwa niaba ya mume na mke. Hospitali haikujua iandike jina la nani kuwa mama katika taarifa ya kuzaliwa. Ikauliza Idara ya Watoto. Idara ikawachukua wale watoto wachanga ikawapeleka katika nyumba ya kulelea watoto. Hebu fikirini: mama mwenye mbegu yupo, baba yupo, mama aliyebeba yupo, wote wanawataka watoto waende nyumbani, na watoto wanalazwa kwa wageni! Jaji aliona kwamba Idara ilikosea kuwachukua, na akaeleza kwamba nchi haikuwa na sheria ya mambo haya. Mbunge Millie Odhiambo ameleta mswada bungeni zaidi ya mara moja. Katika shauri lile majina ya wahusika hayakuandikwa, ila herufi tu, ili kuwalinda, na hilo lilikuwa jema. Lakini nilipofikiri habari ile nilijiuliza: yule aliyezaa, akiwa bado na maumivu ya leba, nani alimshika mkono siku ile?

Basi tufungue Neno. Watu wanaponiuliza kama Biblia inasema lo lote juu ya mwanamke kumzalia mwingine, huwaambia wasome Mwanzo 16 na 30. Sarai hakuzaa. Akamtoa Hajiri, mjakazi wake kutoka Misri, ili apate mtoto kupitia kwake. Raheli naye alimwambia Yakobo kwamba asipopata watoto atakufa, kisha akamtoa Bilha. Lea akafanya hivyo kwa Zilpa. Wale walikuwa mama wa damu, wala hakukuwa na maabara, kwa hiyo si jambo moja na la leo kwa kila namna. Lakini mazungumzo ya ndani ya nyumba ni yale yale. Uchungu wa Sarai ni wa kweli. Kilio cha Raheli ni cha kweli, na mtu asimcheke mwanamke anayelilia mtoto.

Sasa, katika sura ile ya 16, sikilizeni Sarai anavyomtaja Hajiri. Anasema mjakazi wangu. Abramu anajibu, mjakazi wako. Hakuna kati yao anayemwita kwa jina. Hakuna anayemwuliza kama anataka. Anapopata mimba ugomvi unaanza, anateswa, anakimbilia jangwani akiwa mjamzito. Na hapo penye chemchemi ya maji, njiani kwenda Shuri, malaika wa Bwana anamkuta. Neno la kwanza la malaika ni jina lake. Kisha anamwuliza ametoka wapi na anakwenda wapi. Naye Hajiri, mtumwa, mgeni, mjamzito wa mtoto aliyeagizwa na wengine, anampa Mungu jina: Mungu anayeona. Hata kisima kile kikaitwa kwa habari hiyo.

Bilha hakupata kisima. Mkisoma Mwanzo yote, hamtapata neno hata moja lililotoka kinywani mwa Bilha. Alizaa Dani, alizaa Naftali, na aliyewapa majina ni Raheli. Kabila mbili za Israeli zilipita katika tumbo lake, na hatujui kama alilia au alicheka.

Kwa hiyo nikiulizwa na mume na mke Wakristo kama wanaweza kutafuta mwanamke wa kuwabebea, siwapi jibu la ndiyo au la kwa upesi. Kanisa Katoliki lilikataa waziwazi mwaka 1987 katika waraka wake uitwao Donum Vitae. Sisi Waprotestanti hatuna sauti moja, na wachungaji wanyofu wanatofautiana. Mimi nawauliza maswali yangu. Je, mwajua jina lake? Si lile lililo katika karatasi tu. Mwajua jina la mama yake, na watoto wake wanasoma wapi? Akipata presha mwezi wa saba, nani atalipa, na nani atakaa naye wodini? Akifa, mmewekea watoto wake nini? Mkataba unasema nini ikiwa mtoto atazaliwa mlemavu? Maana yako maagano yaliyoandikwa kana kwamba mtoto ni bidhaa ya kurudishwa dukani, na Mkristo asitie sahihi yake chini ya maneno ya namna hiyo hata kwa dawa. Na baada ya siku 40, mtampigia simu? Wakishindwa kujibu maswali haya huwaambia warudi nyumbani wakayafikirie.

Nawe dada unayefikiria kubeba, nakusihi usiende peke yako. Soma karatasi zile na wakili wako mwenyewe. Wakili wa wakala amelipwa na wakala. Uliza ni viinitete vingapi vitawekwa. Uliza jina la nani litaandikwa unapozaa, na ni lini wale wazazi watakwenda kortini kumwasili mtoto. Uliza utapewa nini ikiwa mimba itaharibika mwezi wa tano. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, awe dada yako au shangazi. Na kama sababu ni karo na kodi tu, basi, tafadhali, njoo kwanza kwa wazee wa kanisa. Nami nawaambia wazee hao mbele ya wasikilizaji wote: akija, msianze kwa kumhoji. Tukishindwa kumsaidia mwanamke na karo ya muhula mmoja, hatuna uso wa kumsuta kwa njia aliyoiona.

Yuko pia mama mzazi kule nyumbani, labda Entarara, labda penginepo, ambaye atasikia habari hii kwa majirani kabla ya kuisikia kwa binti yake. Mama, najua itakuuma. Utajiuliza kwa nini amebeba mjukuu usiyemwona kamwe, na kama huyo ni mjukuu wako au siye. Usimwulize maswali hayo siku ya kwanza. Mpikie. Mwache alale kitanda chako. Ataongea mwenyewe.

Na kwenu kina mama wa ushirika, hasa viongozi wa vikundi vya wanawake, nina ombi dogo. Mmezoea kuhesabu nani amejifungua ili mmtembelee. Orodha hiyo mwaiandika kwa watoto walioletwa kubarikiwa. Mwanamke huyu hatakuwa katika orodha. Mkisikia kwamba mwenzenu aliyekuwa na tumbo amerudi bila mtoto, nendeni. Msiende kundi zima, wawili wanatosha. Pelekeni uji wa wimbi, na supu ya mifupa kama ipo. Fueni nguo za watoto wake, tekeni maji, maana mwenye mshono wa kupasuliwa asiinue ndoo kwa majuma sita. Msimwulize mtoto yuko wapi. Msimwulize alilipwa kiasi gani. Mwulizeni kama maziwa yamekauka, na kama analala usiku. Baada ya kuzaa wanawake wengi huingiwa na huzuni nzito isiyo na sababu ya kuonekana, naye anaweza kuipata kama mwingine yeyote. Mkimwona haoni haja ya kula wala kuoga, wala hataki watoto wake, mpelekeni kliniki siku hiyo hiyo.

Mkifika mlangoni mwitini kwa jina lake alilobatizwa. Watu wa karatasi walimwita mbebaji kwa miezi tisa. Kisha ingieni, wekeni chupa ya uji mezani, mtafute vikombe.